Mtambo wa mwani: nilitaka kuwaambia msinunue

Naandika nikiwa bado na hasira, mnisamehe. Nafuga vifaranga vya perege hapa Moshi, upande wa Mabogini, na juzijuzi nilijipinda nikanunua ule mtambo wa kukuzia mwani wa kulishia samaki (ule mdogo sana unaoelea majini), wenye mirija mirefu inayopitisha mwanga, pampu ya hewa na taa. Ukaja kwa basi, pamoja na chupa ya mbegu ya huo mwani.

Kisa ni hiyo chupa. Kuifungua, nakuta maji ya rangi ya dhahabu, kama chai ya rangi iliyopoa. Nikashtuka kidogo, maana perege wangu wamezoea maji ya kijani. Lakini nikasema wao ndio wataalamu. Nikafuata karatasi ya maelekezo neno kwa neno. Kesho yake asubuhi rangi imepotea, juu povu jeupe, chini mashapo kama machicha ya mbege, na harufu ya kuoza. Namshukuru Mungu sikuwapa vifaranga.

Nikawapigia simu walioniuzia, akapokea kijana. Nikamweleza taratibu kabisa. Akaniuliza nimeweka maji gani. Nikamwambia ya bomba, nimeyaacha siku mbili klorini itoke. Akacheka. "Mama, hiyo ni Isochrysis, chakula cha makinda ya chaza. Inataka maji ya bahari. Teknolojia siyo migomba." Akakata.

Migomba! Watoto wangu watatu wamesoma kwa migomba hiyohiyo. Na kwenye oda niliandika wazi: perege, maji yasiyo na chumvi, Moshi. Aliyefungasha chupa alikuwa na maneno hayo mbele yake. Mwani ule nimekuja kuelewa kwamba hauna ganda gumu, ndiyo maana makinda ya chaza huumeng'enya upesi. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Ukiutia kwenye maji yetu ya mlimani unakufa tu. Mtu wa Tanga au Mafia anayefuga chaza angeupokea kwa mikono miwili. Kwa nini niletewe mimi?

Nilikuwa nimeshaamua kuandika "msinunue". Ila haki ya Mungu siwezi kusema uongo. Jirani alinipa ndoo ya maji ya kijani kutoka bwawani kwake, nikayachuja kwa kipande cha kanga kilichokunjwa mara nne, nikaweka mbolea kidogo na kuwasha pampu. Kufika siku ya tano mirija ilikuwa kijani kibichi kama jani la mgomba mchanga. Nilisimama pale na chai yangu mpaka ikapoa. Vifaranga sasa wanaifuata ile kijani, vinywa vinafunguka na kufunga, na pumba nimepunguza. Kwa hiyo mtambo ni mzuri. Nunueni, jamani.

Hapana, subirini. Nunueni kwingine. Nimewaandikia mara tatu wanibadilishie mbegu, ya mwisho nikataka waniombe radhi tu, hata hela wakae nayo. Kimya. Jana nimepiga tena, akapokea yuleyule, nikasikia anamwambia mwenzake, "Ni yule mama wa ndizi."

Chupa yao bado iko dirishani jikoni, sijaiosha.