Turubai lililonifungukia Kona Baridi, na mikanda niliyoipata Grogan: uzoefu wangu

Aliyeniokoa ni kijana wa bodaboda. Tulikuwa tumeshapita Kiserian, tunakaribia Kona Baridi, nami nimeushika usukani kwa mikono miwili kwa sababu ya ule upepo ambao kila anayekwenda Magadi anaujua. Nikamwona kwenye kioo cha kulia akipiga honi mfululizo. Alipofika sambamba na dirisha langu akapaza sauti: "Mzee, hema yako inafunguka!"

Nikaegesha kando. Boriti ya mbele ya turubai la kivuli, lile linalolala ubavuni juu ya mlango wa abiria, ilikuwa imetoka kwenye kasha lake kama shubiri moja. Shubiri si kitu, utasema. Lakini mwanya ule ulikuwa umeshaanza kumeza upepo, kitambaa kinapiga patapata, na upande wenyewe ni wa kushoto, wanakopita watembea kwa miguu, wachungaji na punda. Boriti ni aluminiamu ya mita tatu. Sikutaka hata kuwaza kingetokea nini tungeteremka ule mteremko bila yule kijana.

Gari langu ni Toyota HiAce iliyogeuzwa kempa, yaani gari la kulala safarini, kabla haijaletwa Kenya. Turubai lilikuja nalo na sitalitaja jina, maana sina hakika kama kosa ni la aliyelitengeneza au la miaka na matuta yetu. Niseme tu kwamba nilikuwa nimelizungusha hadi mwisho kulifunga kabla ya kuondoka Rongai, na mpini ulikaza mkononi kama kawaida.

Mke wangu aliuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza siku niliponunua gari: "Sasa Baba Neema, kinacholizuia lisifunguke ni nini hasa?" Sikuwa na jibu. Nililipata kwa fundi mmoja wa Kariobangi Light Industries, aliyefungua kifuniko cha pembeni akanionyesha. Ndani ya ile mikono miwili ya kukunja inayoishika boriti mna springi kali. Kazi yake ni kuisukuma boriti nje ili kitambaa kikae kimekazika ukiwa kambini. "Mkubwa, hii springi inasukuma saa zote," akaniambia, "hata gari likiwa limelala." Kinachoishinda ni gia ndogo iliyo kwenye ncha ya mwanzi unaoviringisha kitambaa. Meno yake yakichakaa, au ukiacha boriti haijakaa sawasawa kwenye kasha, mtikisiko wa barabara unailegeza kidogo kidogo. Upepo unamalizia.

Na upepo hauongezeki kwa hesabu ya kawaida. Mwendo ukizidi mara mbili, msukumo wake unazidi mara nne. Kutoka kilomita 40 kwa saa hadi 80 ni kitu kingine kabisa, bado hujaongeza ule wa pembeni wa Kona Baridi, ambao siku ile ulitujia kutoka kushoto, moja kwa moja kwenye mwanya.

Siku ile kandokando ya barabara nilifunga kwa blada, ile mipira ya tyubu ambayo watu wa boda hufungia kreti za soda. Ilitufikisha. Lakini blada kazi yake ni kuvutika, na kitu kinachovutika hakiwezi kushindana na springi. Tulipofika Olorgesailie boriti ilikuwa imetoka tena, upana wa vidole viwili. Kwa dharura sawa, kwa safari ya wiki usiitegemee.

Jaribio la pili lilikuwa mkanda wa racheti, ule wa malori. Hapa nilijidanganya kwamba kikali ndicho salama. Niliufunga katikati ya kasha, nikapiga mpini wa racheti mara tatu zaidi ya ilivyohitajika, nikashika njia ya Mombasa Road. Kuanzia Bellevue mkanda ukaanza kuimba. Si mlio mdogo, ni ngurumo ndani ya gari zima, mpaka mtoto akaziba masikio. Dawa yake nilikuja kuambiwa baadaye na dereva wa lori: sokota ukanda mara moja au mbili kabla ya kuukaza, usikae bapa, upepo hautapata pa kuupigia. Ni kweli, mlio ulikoma palepale. Ila kasha lilikuwa limeshabonyea katikati, na mpaka leo kifuniko chake hakikai sawa. Racheti ina nguvu za kufungia mashine, na aluminiamu ya turubai ni nyembamba kama sufuria.

Ndipo nikaenda Grogan. Kwa wageni wa Nairobi, hapo ni Kirinyaga Road na vichochoro vyake, ambako hukosi spea ukiwa na subira na ukijua kukataa bei ya kwanza. Nilitaka mikanda ya nailoni yenye bizimu ya meno: unavuta mkia wa ukanda kwa mkono, meno yanauma, basi. Haina mpini wa kukazia, kwa hiyo nguvu inayoingia ni ya mkono wako tu. Nilichukua miwili ya upana wa milimita 25 kwa shilingi 1,600 baada ya maneno mengi. Muuzaji alisisitiza nichukue ya racheti, eti hiyo ndiyo ya wanaume. Nikamwambia nimeshakuwa mwanamume vya kutosha, na kasha langu ndilo shahidi.

Mkanda peke yake haukutosha, kwa sababu kasha limebana kwenye bodi na hakuna pa kuupitishia nyuma. Yule fundi wa Kariobangi akatengeneza vibao viwili vya chuma vyenye tundu refu, akavifunga kwenye boliti zilezile zinazolishikilia kasha. Hakutoboa bodi, na nilimshukuru kwa hilo, maana tundu jipya kwenye paa ni kutu na maji ya mvua kitandani. Chini ya kila kibao akaweka kipande cha mpira wa tyubu kisikwaruze rangi. Blada ikapata kazi yake halali.

Nilitaka mikanda ikae katikati, akakataa. Aliiweka karibu na zile sehemu mbili ambapo mikono inaishika boriti, kwa sababu huko ndiko msukumo unakotoka. Ukibana katikati peke yake, ncha zinabaki huru kupepea, na boriti inaweza kupinda. Kazi nzima ilichukua asubuhi moja, pamoja na chai.

Tangu hapo tumekwenda Magadi mara mbili, Naivasha kwa njia ya Mai Mahiu, na mara moja Amboseli, kwa ile barabara ya changarawe yenye mawimbi inayoweza kukung'oa meno. Boriti haijatoka hata upana wa kucha. Mikanda hailii, kwa kuwa nimeisokota. Nikilipita lori refu, lile pigo la upepo linalokuja upande wa kushoto, ambalo zamani lilinifanya nikodolee kioo, sasa silisikii.

Kasoro zipo. Ya kwanza ni jua: nailoni ya bei hii inapauka haraka, na kingo za mkanda mmoja zimeanza kuchanika nyuzi ndani ya miezi minane. Nitaibadilisha kabla ya safari ndefu ijayo, sitangoja ikatike. Ya pili, vumbi la Magadi linaingia kwenye meno ya bizimu, na usipoiosha kwa maji inaanza kuteleza. Baada ya kila kituo naivuta kwa mkono kuona kama imelegea.

Ya tatu ndiyo kubwa, na si kosa la mkanda. Tulipofika Naivasha, shemeji yangu alitaka kutusaidia. Akachukua mpini, akaanza kufungua turubai huku mikanda bado imefungwa. Kitambaa kikaanza kulegea na kurundikana ndani ya kasha, boriti haisogei, naye akadhani imekwama tu, akazidi kuzungusha. Tulimwahi kabla ya kitu kuchanika, na tukarudisha nyuma taratibu. Angekuja kufungua mikanda wakati ule, springi zingeirusha boriti yote kwa pamoja usoni mwake. Tangu siku ile mpini wa kuzungushia hatuuweki kwenye droo. Umefungwa kwa mkia wa mkanda wa kwanza, na huwezi kuuchukua bila kuufungua. Na kwa sababu hiyohiyo ya springi, usimruhusu fundi yeyote kuifungua mikono ile kabla hajaifunga kwanza kwa kamba, hata akikuambia amezoea.

Mikanda naipa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja imeliwa na jua. Fundi wa vibao nampa zote tano. Kama turubai lako ni la mota, mikanda hii itakufaa ukiwa barabarani, ila chomoa fyuzi ya mota kabla ya kusafiri. Mtoto akibonyeza swichi huku mikanda imekaza, kitambaa kitarundikana ndani ya kasha, na kikikwama unaweza kuunguza mota, na mota ya hivyo Grogan sijaiona.