Node 18 ya kujijengea toka sosi, nimeijaribu kwenye kilaptopu changu hapa Mtwara

Laptopu yangu ina ram GB 4 na Ubuntu 18.04, najua najua, msinicheke, korosho zikilipa nitanunua nyingine. Kuna kimfumo nawatengenezea jamaa wa AMCOS (ushirika wa mazao) waandikie kilo za wakulima, kinataka Node 18 (programu ya kuendeshea JavaScript nje ya kivinjari). Nikashusha ile iliyokwishajengwa, ikagoma, inataka GLIBC_2.28 (maktaba ya msingi ya Linux), mashine ina 2.27. Bando likaenda hivihivi.

Ndo nikavuta furushi la sosi, yaani msimbo wenyewe kabla haujajengwa. Aisee humu walinifurahisha, kwenye folda la deps wamepanga kila kitu, V8 (injini ya JavaScript), OpenSSL (ya usimbaji fiche), zlib, libuv, ICU, ukishalivuta furushi umemalizana na intaneti, hakuna ile uko katikati unaambiwa hiki hakipo katafute, ukikipata nacho kinadai cha kwake. Ila kompaila, kile kinachogeuza msimbo kuwa programu, haimo, Ubuntu hii ina gcc 7 na Node 18 inataka kuanzia 8.3, so nikaongeza gcc-8 na g++-8 kwa apt (kisakinishi cha Ubuntu), na lazima uitaje pale unapopiga ./configure, hatua ya kuandaa ujenzi, la sivyo inaokota ile ya zamani.

Kosa langu nikapiga make -j4, yaani ijenge kazi nne kwa mpigo. Wenyewe wameandika kabisa hiyo inahitaji ram kama GB 8, mi nikajifanya sijaona, mashine ikaganda hata mshale hausogei. Nikazima, nikarudi na make tupu, kazi moja moja, V8 peke yake ni kama haiishi. Nilianza baada ya isha, saa saba usiku umeme ukakata (mji wenye gesi ya Mnazi Bay huu jamani) na betri yangu ni pambo tu. Asubuhi nikapiga make tena, haikuanza moja, ikaendelea ilipoishia, kafaili kamoja tu ka .o (kipande kilichokwishajengwa) kaliharibika nikakafuta. Adhuhuri tayari.

Kinachonikera ni hiyo OpenSSL ya ndani, apt ikisasisha ile ya mashine, hii ya ndani haina habari, inabidi ujenge upya, na Node 18 yenyewe marekebisho yaliisha Aprili 2025. Mfumo wa kupokea malipo mtandaoni nisingeuweka humu. Wangu unakaa ghalani bila intaneti, kwa hiyo natoa nyota nne.

Juzi nimeibeba Node hiyo kwa flashi mpaka Masasi, mashine ya kule nayo Ubuntu ileile, ikawaka bila kuongezewa kitu.