Maabara ya Shimanzi: kabla hujanunua sayanaidi, pima mawe yako

Mwenye shimo la dhahabu Migori au kwengineko na mawe yanamgomea, haya ni kwa ajili yako. Sisi ni watu wa Mombasa, lakini mjomba anachimba dhahabu Nyatike. Mawe yake yanametameta pairaiti (madini ya chuma na salfa), zebaki haikamati kitu cha maana, na wenzake walishaanza kumsukuma ajenge matangi ya sayanaidi, ile kemikali ya sumu inayoyeyusha dhahabu. Nikamsihi atume kwanza mfuko wa mawe kwa basi, nikaupeleka maabara moja ya madini pale Shimanzi.

Walianza na kipimo cha moto. Unga wa mawe unachanganywa na oksidi ya risasi na kuyeyushwa kwenye tanuri yenye joto la nyuzi 1,000 hivi. Risasi inaikusanya dhahabu, kisha inawekwa kwenye kikombe cha majivu ya mifupa kinachoinyonya risasi. Fundi aliniita nione kilichosalia: katone kadogo kuliko kichwa cha pini. Kwa hesabu ya tani, dhahabu imo, tena si haba. Wengi wakishapata cheti hicho hukimbilia kujenga, na pesa nyingi huzama hapo.

Kipimo cha chupa, kinachoonyesha sayanaidi itatoa dhahabu kiasi gani, ndicho nilichokilipia kwa moyo mkunjufu. Unga uleule unatiwa maji, chokaa na sayanaidi, chupa ikazungushwa kutwa kucha. Chokaa haifanyiwi ubahili, maana pH ikishuka (maji yakielekea kuwa asidi) sayanaidi hugeuka gesi inayoua. Iliyotoka haikufika thuluthi ya dhahabu iliyomo! Wakarudia wakiwa wametia kaboni chupani iidake dhahabu kwanza, wajue kama mawe yana kaboni yake ya asili inayoiba dhahabu iliyokwisha yeyuka. Matokeo yaleyale. Wakasaga laini zaidi, ikaongezeka kiduchu tu. Basi dhahabu imefungika ndani kabisa ya chembe za pairaiti na asenopairaiti (nduguye yenye sumu ya aseniki), na sayanaidi haina njia ya kuifikia.

Yule dada wa maabara alinieleza pole pole namna ya kuifungua: kuchoma, kutumia oksijeni kwenye mtungi wa joto na shinikizo kubwa, au kuwaachia bakteria wayatafune madini ya salfaidi, yaani yenye salfa kama hiyo pairaiti, kama walivyoanza kiwandani Fairview, huko Barberton, Afrika Kusini, mwaka 1986. Zote ni kazi za mtaji mkubwa. "Tafadhali mwambie mjomba asiyachome uani," alisema, "moshi wake una aseniki." Kwa neno hilo peke yake nawapa heshima yangu.

Bei ni kali kwa mchimbaji mdogo, majibu yalichelewa kuliko tulivyoahidiwa, na ripoti ni ya Kiingereza kitupu; ilibidi nimfasirie mjomba kwa simu.

Hata hivyo nitarudi kwao. Matangi tumeyaacha, sasa tunamtafuta mnunuzi wa makinikia (unga wa mawe uliochujwa ukabaki madini yenye dhahabu) mwenye kiwanda kinachoweza mawe ya aina hii. Ukienda, chukua mawe ya sehemu mbalimbali za shimo, si yale mazuri peke yake, na uombe vipimo vyote viwili tangu siku ya kwanza.