Uzoefu wangu na tuisheni ya uuguzi: nimetolewa kwenye grupu kwa kuuliza kuhusu dozi ya magnesiamu

Hasira hizi nimekaa nazo muda sasa nikidhani zitapoa. Hazijapoa. Juzijuzi mdogo wangu wa chuo kaniuliza kama ajiunge na tuisheni niliyosoma mimi, nikashindwa kumjibu ndiyo au hapana. Basi naandika, asome yeye na wengine mnaojiandaa na mtihani wa vitendo.

Jina lao silitaji. Ni tuisheni za aina tunayoijua: grupu la WhatsApp, madesa ya PDF, vipindi vya jioni, na Jumamosi mnakutana kwenye chumba cha kupanga kufanya vitendo kwa mwanasesere. Nililipa kwa sababu chuoni tuko wengi na vifaa ni vichache, unasubiri zamu yako ya kuweka mpira wa mkojo mpaka kipindi kinaisha. Halafu siku ya mtihani unaingia kituoni, dakika zinakimbia, msimamizi kashika cheklisti. Usipomsalimia mgonjwa, usipojitambulisha, usiponawa mikono, alama zimeshaondoka kabla hujagusa kifaa.

Sasa nije kwenye ukurasa wa magnesiamu salfeti. Aliyepita wodi ya wazazi anaijua dawa hii. Mama kaletwa na kifafa cha mimba, presha iko juu, degedege zinamtupa, ndugu wanalia mlangoni, na dawa ya kwanza mnayoikimbilia ni hiyo. Dozi ya kuanzia ni gramu 4 kwenye mshipa, polepole, kwa dakika zisizopungua tano. Kisha gramu 10 kwenye msuli, 5 kila upande wa makalio. Ampuli ikiwa ya asilimia 50, kila mililita ina nusu gramu, kwa hiyo gramu 4 ni mililita 8. Unaongeza mililita 12 za maji ya sindano, unapata mililita 20 za asilimia 20. Hakuna hesabu ngumu hapo.

Desa lao limegeuza. Dawa mililita 12, maji mililita 8. Yaani gramu 6 kwenye mshipa badala ya 4, na bado zile 10 za msuli zinafuata! Magnesiamu ikizidi mwilini, goti linaacha kuruka ukiligonga, kisha pumzi zinapungua, kisha moyo. Ndiyo maana kabla ya kila dozi inayofuata tunahesabu pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, tunagonga goti, tunaangalia mkojo usipungue mililita 30 kwa saa, na kalsiamu glukoneti, dawa ya kuikata magnesiamu iliyozidi, inakaa karibu. Haya yote wameyaandika vizuri kwenye ukurasa huohuo! Wamefundisha namna ya kumwokoa mama aliyezidishiwa, na juu yake wakafundisha kumzidishia.

Niligundua nikiwa fildi. Sista wa zamu alikuwa anachanganya dawa huku anatutajia kila hatua, nikaona namba zake na zangu haziendani. Nikahesabu upya mara nyingi usiku ule. Kesho yake nikaandika kwenye grupu, kwa adabu zote: "Shikamoo mwalimu, samahani, naomba kuuliza kuhusu mchanganyo wa magnesiamu, nadhani mililita zimebadilishana." Nikaweka na hesabu.

Jibu lake: "Wewe binti bado unajifunza. Mimi nimewafaulisha wauguzi wangapi? Soma ulichopewa."

Mwenzangu mmoja akaandika kwamba hata yeye hesabu inamletea 8. Ujumbe wake ukafutwa. Grupu likafungwa, wanaoweza kuandika ni maadmini tu. Jioni nikakuta nimeondolewa. Nikapiga simu, haikupokelewa. Nikamwandikia pembeni kwamba sidai hela, naomba tu ukurasa urekebishwe. Alama mbili za bluu, kimya.

Kukosea kuandika namba ni kitu cha kibinadamu, ningemsamehe siku hiyohiyo. Kilichoniuma ni kwamba alionyeshwa, akasoma, akachagua heshima yake mbele ya watu. Muuguzi akikosea dozi wodini anatakiwa aseme palepale, hata kama mkuu wa wodi atamfokea, kwa sababu kitandani kuna mtu. Hilo ndilo nilitegemea mwalimu anifundishe kabla ya jingine lolote.

Na hapa ndipo napata shida ya kuhukumu. Jumamosi wana mama mmoja, mkunga mstaafu, na sijawahi kufundishwa na mtu kama yule. Anakufanya uongee na mwanasesere kama mama wa kweli: "Mama, karibu, naomba nikupime tumbo, nitavuta pazia kwanza." Ukiruka pazia, unaanza upya. Ukihesabu pumzi kwa nusu dakika ukazidisha mara mbili, anakurudisha uhesabu dakika nzima. Partografu (chati ya kufuatilia uchungu wa kujifungua) niliyoishika kwa hofu tangu mwaka uliopita, alinielewesha kwa mchana mmoja, na mtihani wa vitendo nimefaulu. Sifa zote ni zake. Nikimkumbuka yeye natamani kuwaambia lipeni, msifikirie mara mbili.

Lakini huwezi kumpata yeye bila desa. Ukilipa unaingizwa kwenye grupu, na ukiingia unapewa PDF ileile. Kwa hiyo hapana, msilipe. Labda kama una uwezo wa kwenda Jumamosi tu na kuacha madesa yao huko huko... Hata hivyo bado hela yako inamlipa yule aliyefunga grupu. Hapana. Nyota moja, na nimeitoa kwa ajili ya yule mama.

Mliobaki mle ndani na hamwezi kuandika: fungueni desa la dharura za uzazi, sehemu ya kifafa cha mimba. Kateni 12 muandike 8 kwenye dawa, kateni 8 muandike 12 kwenye maji. Kisha msiniamini hata mimi. Chukueni mwongozo wa matibabu wa Wizara ya Afya, mhesabu wenyewe, na mtumieni kila mliyemgawia PDF ile.