PS5 au kompyuta ya gemu? Kwa pesa ya Kampala, angalia kwanza mlango wa diski

Habari zenu, karibuni tena. Leo kuna mdau wa Bombo ametuma ujumbe, nausoma ulivyo: "Kaka, nimekusanya milioni mbili na nusu. Ninunue PS5 au niunganishe kompyuta ya gemu?" Ni swali zuri, na jibu lake hapa kwetu si lile utakalolisikia kwa jamaa wa Marekani. Wale huanza na picha, ipi inang'aa zaidi. Sisi tuna mambo ya kuuliza kabla ya picha.

Mezani nina vitu viwili. Huku ni PS5 Slim, mashine ya gemu ya Sony, yenye mlango wa diski. Huku ni kompyuta ya ofisi iliyotumika, Dell OptiPlex, zile zinazojaa madukani mjini, nimeitia kadi ya grafiki GTX 1650. Kompyuta kubwa ya mataa ya rangi rangi sina, na kwa milioni mbili na nusu hata mdau wetu hataipata. Nitaeleza kwa nini.

Tuanze na PS5, na tuanze na huu mlango hapa. Mnauona? Hii ndiyo sehemu muhimu kuliko zote. PS5 ipo ya diski na ipo ya dijitali isiyo na mlango. Zilipotoka mwaka 2020, ya diski ilikuwa dola 499 na ya dijitali dola 399, na mpaka leo ya dijitali ndiyo ya bei nafuu. Muuzaji atakwambia umeokoa pesa. Ssebo, subiri kwanza.

Mtandao wa PlayStation haujafunguliwa rasmi Uganda. Ukitaka kufungua akaunti, kwenye orodha ya nchi hatumo. Watu wanajiandikisha kama wako Afrika Kusini, Uingereza au Marekani, jambo ambalo masharti ya Sony hayaruhusu, halafu kadi ya benki ya hapa inagoma kwa sababu nchi hazilingani. Sasa unaanza kutafuta vocha za nchi ile, na kila anayekuuzia anaongeza chake. Mwaka 2024 Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta nao wawe na akaunti ya PlayStation, gemu hilo likaondolewa kwenye Steam, duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta, katika nchi zaidi ya 170 ambazo mtandao huo haujafika. Na sisi tulikuwa humo humo. Kwa hiyo ukinunua PS5 ya dijitali, duka lako pekee la gemu ni duka ambalo halikutambui.

Diski haina habari na nchi yako. Gemu jipya kubwa ni dola 70, kama laki mbili na nusu hivi kabla hata muuzaji hajaweka faida yake. Ukilicheza hadi ukalichoka, unalipeleka mjini unabadilishana na mwenzako, au unaliuza na pesa fulani inarudi mfukoni. La dijitali likishalipiwa limekwisha, huliuzi wala hulibadilishani. Halafu kuna bando. Magemu ya sasa yanapita GB 100 kwa urahisi, na tangu Julai 2021 data tunayonunua ina ushuru wa asilimia 12 juu yake. Mara nyingi diski inakubebea mzigo mkubwa, unabaki kupakua marekebisho tu.

Kuna watakaosema Slim ya dijitali inakubali kuongezwa mlango baadaye. Kweli, unauzwa peke yake, Marekani ni kama dola 80, na siku ya kuufunga lazima mashine iingie intaneti kwanza. PS5 Pro yenyewe, pamoja na bei yake yote, inakuja bila mlango. Hesabu hiyo fanya kabla hujatoka nyumbani.

Umeme sasa. PS5 ikicheza gemu zito inakula kama wati 200. Saa tano ni yuniti moja, na yuniti ya nyumbani inacheza kwenye shilingi 750 hivi, mamlaka ya umeme, ERA, hupanga bei upya kila robo mwaka. Kompyuta yenye kadi kubwa inaweza kufika wati 400, yaani yuniti inaisha kwa saa mbili na nusu. Anayetia Yaka, umeme wa kulipia kabla, nyumbani atakuuliza maswali. Na iwe PS au PC ya mezani, UPS, lile boksi la betri linaloshika umeme ukikatika, ni lazima. Ile ndogo ya VA 650 inatosha kukupa dakika za kuhifadhi gemu na kuzima vizuri. Mashine inayozimika ghafla wakati inaandika kwenye diski ngumu, ipo siku itawaka na kukataa. Radi zikianza, chomoa nyaya zote, pamoja na ile ya dishi la TV.

Haya, kompyuta. Kwa nini milioni mbili na nusu haitoshi kutengeneza inayolingana na PS5? Kadi ya RTX 4060 ilitoka 2023 kwa dola 299. Hiyo ni zaidi ya milioni moja kwa bei ya kwao, bado usafiri, bado VAT ya asilimia 18. Hujanunua prosesa, hujanunua skrini, na RAM imepanda bei vibaya tangu mwisho wa 2025. PS unaichomeka kwenye TV ya sebuleni, mchezo umeanza.

Lakini hii OptiPlex msiidharau. GTX 1650 inakula wati 75 tu na nyingi hazihitaji waya wa ziada, ndiyo maana inafaa kwenye boksi kama hili lenye pawa saplai ndogo. Ukinunua boksi jembamba, tafuta kadi ya kimo kifupi (low profile), la sivyo mfuniko haufungi. Fortnite, GTA V, gemu za mpira, zote zinakwenda vizuri ukishusha mipangilio kidogo. Gemu mpya nzito usiziulize. Angalia pia prosesa, iwe kizazi cha 8 kwenda juu: i5-8500 chukua, i5-4570 mwachie mwenyewe, maana Windows 11 haiikubali rasmi na Windows 10 ilifungiwa msaada Oktoba 2025.

Upande wa magemu, kompyuta inashinda. Steam inakutambua ukiwa Uganda, bei ni za dola lakini punguzo zake ni za kweli, na duka la Epic linagawa gemu la bure kila wiki. Kucheza na wengine mtandaoni hulipii. Kwenye PS5, kwa hilo unalipia usajili wa PlayStation Plus, isipokuwa magemu ya bure kama Fortnite. Na kompyuta inafanya kazi nyingine: unahariri video ya kwanjula, sherehe ya utambulisho wa ndoa, unachora mabango ya kupeleka Nasser Road kwa wachapishaji, unaandika kazi ya chuo. Hata kumwomba mzee pesa ya kompyuta ni rahisi kuliko kumwomba pesa ya PS, hilo nyote mnalijua.

Kwa hiyo mdau wa Bombo, kama kuna kazi itakayokuingizia hela, chukua OptiPlex ya kizazi cha 8 na kadi yake, chenji itabaki. Kama ni kucheza na washikaji tu, PS5 ya diski, hata iliyotumika. Wa kufungua kibanda cha gemu, PS4 na pedi mbili bado zinalipa, FC 26 ipo kwa PS4. Ila uliza kama imevunjwa, yaani kinga ya mfumo imeondolewa ili icheze magemu yasiyolipiwa: ukiiwekea toleo jipya la mfumo, magemu hayo yanaweza kukataa kucheza.

Dukani usilipe kabla haijawaka. Nenda na diski yako, cheza dakika ishirini, sikiliza feni, tikisa waya wa HDMI uone kama picha inakatika, halafu acha pedi bila kuigusa uangalie kama mchezaji anatembea mwenyewe. Muuzaji akisema umeme hamna, mwambie utarudi umeme ukirudi.