Opinel Namba 8: Pete Moja Iliyoshinda Visu Vyote Nilivyorudi Navyo Kutoka Safarini

Ndugu watazamaji, karibuni tena mezani pangu hapa Tanga. Mbele yenu nimepanga visu vinne vya kukunja, vyote vya asili ya nchi zao, lakini leo ninataka kuzungumzia kimoja tu, hiki chenye mpini wa mbao tupu usio na nakshi wala madini ya kung'aa. Ni Opinel namba 8, kutoka Savoie, katika milima ya Alpi upande wa Ufaransa. Nimekitumia kwa miezi minane kukatia maembe, mkate, kamba na papa mkavu, na ninawaambia kwa moyo mweupe kwamba hakuna kumbukumbu ya safari iliyowahi kunifurahisha kiasi hiki.

Uzito wake na vipimo vyake vingine mtavikuta popote kinapouzwa, kwa hiyo ninaviruka. Jueni tu kwamba bapa lake lina urefu wa sentimita 8.5, na kwamba ile namba 8 ni ukubwa wake katika familia ya visu. Joseph Opinel, mtoto wa mhunzi, alianza kuvitengeneza mwaka 1890 kwa ajili ya wakulima na wachungaji wa kwao, na mwaka 1897 akavipanga kwa ukubwa kuanzia namba 1 hadi namba 12. Namba 1 na namba 11 ziliachwa baadaye, ndiyo maana mkizitafuta dukani hamzioni.

Sasa tazameni hapa, nakisogeza karibu na kamera. Mnaiona pete hii ya chuma kwenye shingo ya kisu, mahali ambapo bapa linaingia mpinini? Hii ndiyo Virobloc, na hii ndiyo sababu ya video nzima. Pete hii ina ufa mmoja. Ufa ukielekea upande wa bapa, kisu kinafunguka na kufungika bila kizuizi. Nakifungua, hivi. Kisha nashika pete kwa kidole gumba na cha shahada, naizungusha kidogo, na ule ufa unahama. Sasa ukingo wa pete umekaa nyuma ya shina la bapa, na hata nikisukuma mgongo wa kisu kwa nguvu, haukunjiki. Narudia polepole ili mwone vizuri: ufa unahama, ukingo unaziba njia, bapa limekwama. Hakuna springi ndani yake inayoweza kulegea, wala kitufe kinachoweza kujaa mchanga.

Jambo ninalolipenda zaidi ni kwamba pete haina kituo kimoja tu. Kadiri unavyoizungusha ndivyo inavyozidi kubana, kwa hiyo kisu kikichakaa kidogo kwenye maungio, unaisogeza pete mbele kidogo zaidi na kisu kinakaza kama siku ya kwanza. Anayefahamu kifuniko cha chupa ya mafuta ya taa anajua hisia hiyo ya kitu kukaza chini ya vidole.

Na kumbukeni kwamba pete hii haikuwapo tangu mwanzo. Marcel Opinel, mtoto wa Joseph, aliibuni mwaka 1955, baada ya visu hivi kutumika kwa miaka 65 bila kifungio chochote, vikitegemea mbano wa mbao peke yake. Mwaka 2000 ikaboreshwa ili iweze kukifunga kisu hata kikiwa kimekunjwa, hivi, ili kisijifungue mfukoni. Nawaomba mwe waangalifu mnaponunua, kwa sababu namba ndogo, kuanzia namba 2 hadi namba 5, hazina pete. Ni visu vizuri vya kuning'iniza kwenye funguo, lakini mimi nisingevisafiria.

Kabla sijaendelea, tazameni chapa iliyo kwenye bapa: mkono wenye vidole vitatu vilivyonyooshwa, na taji juu yake. Mkono huo unatoka katika nembo ya mji wa Saint-Jean-de-Maurienne, ambako mapokeo yanasema vimehifadhiwa vidole vya Yohana Mbatizaji, na taji ni alama ya Savoie, ambayo zamani ilikuwa dola ya watemi wake. Opinel aliichagua alama hiyo mwaka 1909. Ninaposema kwamba kisu cha kumbukumbu kiwe na mahali pake, namaanisha jambo la namna hii. Pale pale kwenye mji wa milimani, maduka ya watalii yalikuwa yamejaa visu vyenye picha za milima iliyochorwa kwa rangi, na bapa zake zilipinda ukizikandamiza kwa kidole gumba. Nilitoka humo, nikaingia duka la vifaa vya ujenzi na kilimo, na hiki kilikuwa kimening'inizwa pembeni ya mikasi ya kupogolea mizabibu. Kila nchi ninayokwenda sasa naanzia duka la namna hiyo.

Mtaniuliza kuhusu Laguiole, kwa sababu kila nikitaja visu vya Ufaransa ndicho mnachokiuliza. Wenyeji hutamka "Layol". Ni kisu kizuri mno kwa umbo, chembamba, chenye nyuki mdogo kwenye mgongo wake, na kilizaliwa katika kijiji cha jina hilo mkoani Aveyron. Shida yake ni jina lenyewe. Vingi hutengenezwa katika mji wa Thiers, ambao ni mji wa wahunzi wa visu wa karne nyingi, na hivyo sivilaumu hata kidogo. Lakini vingine vingi huletwa kutoka Asia vikiwa na nyuki yule yule, na mgeni asiyejua hulipa bei ya urithi kwa kitu kisicho na urithi. Kilichotengenezwa kwa mkono kijijini huweza kuzidi euro 100 kwa urahisi. Hiki cha mbao nilikilipia chini ya euro 15. Kwa pesa hiyo ninapata kisu kitakachozeeka pamoja nami, kwa hiyo Laguiole wangu, mzuri kama alivyo, ameshinda kabatini miezi yote hiyo minane.

Tena kuna mpinzani mwingine, huyu hapa, ambaye wazee wengi watamtambua kabla sijamtaja. Huyu ni Okapi. Alianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni ya Wajerumani barani Afrika, na sisi wa Tanganyika tulikuwa miongoni mwao. Leo hutengenezwa Afrika Kusini. Na yeye ana pete, lakini ni pete ya namna nyingine kabisa: inaning'inia mgongoni, na unaivuta juu ili kuinua kile chuma kinachozuia bapa. Sikilizeni mlio wake wakati wa kufungua. Tak, tak, tak. Napenda sana miezi na nyota zilizopachikwa mpinini mwake. Ila kwangu mimi pete ya kuzungusha ni salama zaidi kuliko pete ya kuvuta, kwa sababu ile ya Okapi inaweza kunasa kwenye uzi wa mfuko.

Sasa nije kwenye kasoro, na hapa nina kinyongo cha kweli. Mpini huu ni wa mti wa bichi, nao hunywa unyevu. Wakati wa masika mbao ilivimba hadi bapa likakataa kutoka. Nililivuta kwa ukucha mpaka ukucha ukachanika. Dawa yake wenyeji wa Savoie wanayo, nami nilifundishwa na muuza duka: unashika kisu kikiwa kimekunjwa, pete ikiwa imeachia, kisha unagonga kitako cha mpini juu ya meza. Angalieni kwenye kona hii, mpini una mkato wa mshazari. Hapo ndipo unapogonga. Mara moja, mbili, na ncha inajitokeza yenyewe kiasi cha kushikika. Inafanya kazi. Hata hivyo, nimeona ni afadhali kutia tone la mafuta ya cherehani kwenye maungio na kukiacha kisu wazi kivulini hadi mbao itulie, badala ya kukigonga kila siku.

Mnaonifuatilia tangu mwanzo mtakumbuka kwamba nilisifu chuma cha kaboni na kusema chuma kisichoshika kutu ni cha watu wavivu. Leo naibadili kauli hiyo. Chuma cha kaboni kinanoleka haraka kwenye kinoo na makali yake ni ya ajabu, lakini hewa ya chumvi ya Tanga haina huruma: nilikata limau jioni, nikapitiwa na usingizi, asubuhi bapa lilikuwa na madoa meusi na kutu kandokando ya pete. Anayeishi Dodoma au Nairobi achukue cha kaboni bila woga. Anayeishi Mombasa, Unguja, Muscat au hapa kwetu, achukue kilichoandikwa "Inox", yaani cha chuma kisichoshika kutu, apumzike.

Jambo la safari lisisahaulike. Kisu chochote kinakwenda kwenye mzigo unaokabidhiwa uwanjani, kamwe si kwenye begi la mkononi. Nilikuwa na kisu cha Kijapani cha aina ya higonokami, nilichokinunua mjini Miki, mpini wake ukiwa bati la shaba lililokunjwa na mkia mdogo wa kubonyeza kwa kidole gumba. Nilikisahau mfukoni mwa begi, na kikabaki kwa wakaguzi. Hiki mnachokiona mezani ni cha pili, nilichoagiza kwa huzuni. Sheria za kubeba barabarani nazo hutofautiana. Nchini Japani, bapa linalozidi sentimita 6 halibebwi bila sababu ya msingi, na Uingereza kisu kinachofungika kikiwa wazi, kama hiki chetu chenye pete, hakibebwi hadharani bila sababu hiyo hata kama ni kifupi. Kiacheni ndani ya sanduku mpaka mfike nyumbani.

Kuanzia mwezi ujao chaneli itatoa video za kunoa kila Jumamosi jioni, na ya kwanza itakuwa ya kisu hiki hiki, baada ya ninyi kuiomba kwa muda mrefu.

Namalizia na swali la mtazamaji mmoja wa Bujumbura, aliyetaka kujua kama anaweza kumpelekea mpwa wake wa miaka tisa kisu kama hiki. Ipo namba 7 iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto, yenye ncha ya mviringo na pete ile ile. Mimi nilimpa mpwa wangu, na kwa wiki nzima hakuruhusiwa kukata chochote; kazi yake ilikuwa kufungua, kuzungusha pete, kunionyesha, kuizungusha tena, na kufunga. Siku ya nane tulikata embe.