Liva za kutolea tairi la pikipiki nyumbani: chuma safi, ila pampu yao wabaki nayo

Wakuu mimi sio fundi, nina Boxer yangu ya kwendea kazini na kubebea vimizigo vya hapa na pale, naishi huku ndani ndani Mkuranga ambako fundi pancha wa karibu leo yupo kesho kaenda msibani, na yule mwingine wa barabarani ndo alonifanya nikanunue hizi liva maana tairi la nyuma alilitoa kwa nondo na nyundo, ringi akaniachia ina meno kama msumeno na tyubu mpya kabisa ikaisha upepo kabla sijafika nyumbani. Na hela yake alichukua yote. Nikasema hapana, ringi ni yangu, acha nihangaike nayo mwenyewe.

Nilizipata Kariakoo, mitaa ya Gerezani kwenye maduka ya spea. Ni seti: liva tatu, kimfuko, vikinga ringi viwili vya plastiki na kapampu kadogo ka mkono, elfu ishirini na tano baada ya kuvutana sana na muuzaji, alianzia thelathini na tano mnawajua wenyewe.

Tuanze na liva. Zina urefu kama sentimita 30, upande mmoja umebonyea kidogo na ncha imezungushwa vizuri, ukipitisha kidole husikii makali kabisa. Hiyo ncha ndo unayoilipia hela. Bisibisi kubwa au nondo ya kuchonga inatoa tairi ndio, sikatai, mtaani wanatoa kila siku, ila ncha yake ikiingia ndani inaibana tyubu kwenye ringi na inatoboa. Ukitoa tyubu ukakuta vitobo viwili vimekaa sambamba usianze kutafuta msumari kwenye tairi, hapo mara nyingi ni chuma kimebana. Hizi za kwangu mpaka sasa hazijapinda hata moja na nimezikandamiza kwa uzito wangu wote. Ubaya wake ile nikeli ya juu imeanza kubanduka, vipande vyake vinakata vidole, nikapiga msasa yakaisha. Vile vikinga ringi vya plastiki ni uchafu, kimoja kilivunjika siku hiyo hiyo, sasa hivi nakata vipande vya dumu la mafuta ya kula nakunja mara mbili naweka kati ya liva na ringi, kazi ile ile bure.

Sasa kazi yenyewe maana najua kuna watu wanataka kujua kama inawezekana bila mashine. Inawezekana. Nati ya ekseli legeza wakati tairi bado liko chini, ndo upandishe stendi kubwa, na kabla hujagusa zile ajasta za cheni (skrubu za kukazia na kulegeza cheni) angalia zimesimama alama ya ngapi kila upande ili urudishie pale pale. Ukishatoa gurudumu toa na kile kisindano cha ndani ya valvu upepo utoke wote, sio nusu, wote. Mimi nalilaza juu ya tairi bovu la gari ili ngoma ya breki na sproketi visikae kwenye mchanga.

Pagumu ni kulibandua tairi kwenye ringi likiwa limekaa miaka na kutu imeshika. Mwanzo jaribu kwa visigino, simama juu ya mpira karibu na ringi uwe unazunguka taratibu, matairi haya membamba ya 3.00-17 mengi yanaachia hivyo hivyo. Likigoma ita jirani mwenye pikipiki: laza gurudumu pembeni ya pikipiki yake, shusha ule mguu wa pembeni ukanyage mpira (mpira jamani sio ringi wala spoku), halafu mnailaza pikipiki taratibu upande huo, uzito wake wote unashuka pale na utasikia tu pwaa, limeachia. Geuza, rudia upande wa pili. Mguu uwe na kitako kipana na mtu wa kushika pikipiki awepo, isije ikawadondokea.

Likishaachia, hapa ndo watu wengi wanatumia nguvu bila sababu. Ringi katikati ina bonde, ukiangalia kwa ndani utaliona, lina kipenyo kidogo kuliko kingo zake. Ule ukingo wa tairi una waya za chuma ndani, hauvutiki hata umpe nani, kwa hiyo njia pekee ni upande mmoja uuzamishe kwenye bonde ndo upande wa pili upate nafasi ya kupanda. Yaani ukiwa unachokonoa na liva huku, goti lako liwe limekandamiza tairi kule ng'ambo. Ukiona liva imekuwa ngumu mpaka unatetemeka acha, usiongeze nguvu, nenda kaangalie kule ng'ambo utakuta tairi limepanda kutoka bondeni. Lirudishe chini, liva ile ile utaisukuma kwa mkono mmoja. Na uwe unachukua kidogo kidogo, kama sentimita tano hivi, ukiwa na tamaa ya kuchukua kubwa ndo unang'oa mpira. Maji ya sabuni pakaza kote, oili na grisi hapana zinaharibu mpira na baadae tairi linaweza kuteleza kwenye ringi likavuta valvu ya tyubu.

Kuingiza jipya ni rahisi kidogo hasa ukilianika juani nusu saa linalainika. Angalia mshale wa kuzungukia ubavuni, angalia na zile tarakimu nne za tarehe, mfano 3223 ni wiki ya 32 mwaka 2023, maana kuna maduka yanauza tairi lililokaa stoo mpaka limekauka. Kagua ule mkanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoku kama haujachanika. Tyubu ipake poda, ile ya watoto tu, itie upepo kidogo ishike umbo lake isijikunje. Kuingiza anzia ng'ambo ya valvu umalizie penye valvu, na kabla ya kile kipande cha mwisho isukume valvu ndani kidogo ili tyubu isibaki chini ya ukingo wa tairi. Nati ya valvu usiikaze mpaka mwisho.

Sasa kwenye upepo ndo nikaichukia hii seti. Kale kapampu kana geji, inasoma 40 (psi, kile kipimo cha upepo), nimeenda sheli kupima nakuta ishirini na kitu. Mtu akiamini hiyo geji anatembea na tairi laini na abiria nyuma, tyubu inajisaga humo ndani. Na mkono unauma balaa. Mimi mbele naweka 25, nyuma 32 nikiwa na mzigo, napima sheli au kwa geji ya jirani. Mara ya kwanza jaza, toa wote, jaza tena, tyubu inajinyoosha. Halafu zungusha gurudumu uangalie ule mstari mwembamba ubavuni mwa tairi, uwe umelingana na ringi mzunguko mzima, ukizama sehemu ujue tairi halijakaa sawa.

Ukirudishia kaza ekseli, rudisha ile spliti (kipini cha kuzuia nati isifunguke) kama yako inayo, jaribu breki kabla hujapanda, na siku ya kwanza usilale sana kwenye kona, tairi jipya linateleza.

Wenye ringi za kumwaga (zile nzima zisizo na spoku) na tairi zisizo na tyubu hii seti sio yenu, kutoa mtatoa ila kulikalisha tena kunataka upepo mwingi kwa mkupuo na pampu ya mkono haifiki, hapo peleka kwa mwenye kompresa.

Ukienda dukani waambie unataka liva tupu bila seti, mimi baadae nilikuta duka la pili wanauza moja moja, tatu elfu kumi na nane, hiyo iliyobaki ongezea ununue pampu ya mguu. Zipo na za sentimita 40, hizo ni tamu zaidi kwa mtu wa nyumbani ila chini ya siti haziingii, za 30 zinaingia.